Kabla Hujampandisha Mama Ndege

Mdogo wangu mmoja ameniandikia kwa furaha: mama yake anatoka Nairobi saa sita usiku, anafika New York saa mbili asubuhi, basi safari ni ya saa nane tu! Naomba tukae hapa kidogo, mpenzi, maana mama huyo ana kisukari na hesabu hii inaweza kumuumiza.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa kila mji kwa saa zake. Majira ya joto, New York iko nyuma yetu kwa saa saba. Kuanzia Novemba hadi Machi, wakisharudisha saa zao nyuma, pengo linafika nane. Kwa hiyo hizo nane zako ziongezee saba: mama atakaa angani kama saa 15. Wakati wa kurudi tiketi inapotosha kwa upande wa pili. Akiruka huko saa sita mchana, anatua Nairobi kama saa tatu asubuhi ya kesho yake. Ukitoa unapata saa 21, kumbe ni 14. Njia ni ileile, karibu kilomita 11,800, ila pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, zikaisukuma ndege inayorudi kwetu.

Hiyo ni ndege ya moja kwa moja. Ukimpitisha Doha au Amsterdam kufuata nauli nafuu, safari mara nyingi inazidi saa 20, na humo kuna kushuka, kukaguliwa na kutafuta lango. Kijana atavumilia. Kwa mzazi mwenye magoti mabovu, mimi ningekopa nikaongeza hiyo nauli. Na siku ileile ya kukata tiketi mwombee kiti cha magurudumu, hakilipiwi.

Sasa dawa. Mpeleke kwa daktari wake na saa hizo 15 mkononi, daktari ampangie lini ale na lini ajidunge. Asibahatishe kwa kutazama saa ya ukutani ya mji mgeni. Insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiende na mizigo, kule chini inaweza kuganda. Anywe maji, na asimame atembee kila baada ya muda, kwani damu huweza kuganda miguuni kwa kukaa sana.

Tarehe nayo itazame mara mbili. Tiketi ikisema 00:10 Jumanne, mama awe uwanjani Jumatatu jioni. Na kama anaendelea hadi Dallas, ajue kwamba uhamiaji utamkagua palepale New York, atachukua begi lake mwenyewe na kulikabidhi upya. Ndege ya pili usiikate chini ya saa tatu baada ya kutua.