Maneno ya Kiingereza: "Put off"

Wasomaji wetu, katika Kiingereza neno la tendo likifuatwa na neno dogo huweza kuzaa maana mpya kabisa. "Put" ni kuweka. Lakini "put off" ina maana nyingi, nasi twaeleza nne.

Kwanza, kuahirisha: "The case was put off until Monday", yaani, kesi iliahirishwa hata Jumatatu. Wenzake ni "postpone" na "defer", ambayo hupendwa katika barua za ofisi.

Pili, kumshusha abiria: "They put him off the bus."

Tatu, kumwondolea mtu hamu: "The smell put me off my food."

Nne, kumzungusha mdai kwa maneno: "He put me off with promises."

Lakini angalieni sana, "call off" ni kufuta kabisa. Mwenye kesi akiandikiwa "put off", naye akadhani imefutwa, atakaa nyumbani. Siku ikifika hayupo, na haki yake huenda ikapotea. Basi msomeeni barua vema, mkamwonyeshe na tarehe mpya. Ikiwa haikuandikwa, na aende akaiulize. Kuuliza si ujinga.