Mdogo Wangu, Usiyabane Masomo ya Gari Katika Wiki Moja

Msomaji wetu wa Kisaju ananiuliza. Amelipa karo ya shule ya udereva huko Kitengela, mtihani wa NTSA unakaribia, naye anataka kuingia asubuhi na jioni ili amalize masomo yote wiki hii. Jana jioni aliegesha kwa rivasi vizuri hadi mwalimu akamsifu. Leo asubuhi gari likamzimikia kila alipong'oa nanga, kana kwamba hajawahi kugusa klachi.

Mdogo wangu, usijione una kichwa kigumu. Ratiba yako ndiyo inayokuangusha.

Mwaka 1978 watafiti Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha matokeo ya wafanyakazi wa posta Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga chapa. Wengine walifanya saa moja kwa siku, wengine hadi saa nne. Wa saa moja walihitaji saa chache zaidi kwa jumla kufikia kiwango kile kile, ingawa siku zao zilikuwa nyingi. Na sikiliza hili: hao hao ndio waliokuwa na manung'uniko mengi, maana waliona wenzao wanawapita. Kwa hiyo ukijiona unachelewa, usiamini moyo wako haraka. Mikono na miguu hushika kazi hata ukiwa umepumzika, na usingizi wa usiku una sehemu yake.

Halafu ile rivasi ya jana. Ulirudia hiyo hiyo tu jioni nzima, sivyo? Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwapa watu mienendo mitatu ya mkono. Waliorudia mmoja mmoja walionekana hodari wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa baada ya siku 10, waliochanganya ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Kuchanganya kunachosha kwa sababu kila mara unalazimika kuanza kufikiri upya, na faida iko hapo hapo. Barabara ya Namanga nayo haikupangii mambo moja moja. Trela iko nyuma yako, bodaboda inakukatia mbele, na hatua chache mbele yupo mchungaji anayevusha ng'ombe.

Kama bado gari linazima, tulia na klachi kwanza. Inua mguu polepole mpaka usikie sauti ya injini ikishuka na gari litetemeke kidogo. Shikilia hapo, kisha achia breki. Ukishaipata, usikae nayo kutwa. Ondoka, panda hadi gia ya tatu, simama, anzia kwenye mwinuko, piga rivasi, kisha ondoka tena. Utakosea zaidi kuliko jana, na mwalimu huenda asikusifu. Vumilia.

Tena, usikubali kaka akupe gari lake ujaribu peke yako pale lami. Uwe na leseni ya mwanafunzi, alama ya L, na mwalimu pembeni.

Karo uliyolipa haiongezeki kwa kutawanya vipindi. Mpigie mwalimu wako leo, kabla ya kipindi cha jioni, umwombe akupe kimoja kwa siku na akuchanganyie mazoezi. Kama tarehe ya mtihani imebana sana, muulize kama inaweza kusogezwa mbele.