Somo juu ya Plastiki: Hasara Iingiayo Zizini na Jikoni

Mtu wa Didia akiulizwa mali yake, hutaja ng'ombe kwanza, kisha mashamba, kisha nyumba. Kwa hiyo somo hili tutalianza zizini wala si baharini, ijapokuwa waandikao habari za plastiki katika nchi za mbali huanza na bahari na kasa wake. Bahari sisi hatuioni. Tuionayo ni mifuko iliyonasa katika minyaa, na ng'ombe wachungwao kando ya barabara ya Tinde, wakila kitu ambacho matumbo yao hayawezi kukitoa.

Siku moja, mwishoni mwa kiangazi, tulikuwapo alipochinjwa dume la kulimia la jirani yetu. Lilikuwa limekonda kwa muda wa miezi miwili, ubavu wa kushoto umevimba, wala halikucheua kama wenzake. Mwenyewe alilinywesha dawa ya minyoo mara mbili, lisipate nafuu. Ndipo watu wakaanza kunong'ona. Wengine walitaja jina la bibi kizee mmoja akaaye peke yake. Wasomaji wanajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Katika mkoa wetu wa Shinyanga wako vikongwe waliouawa kwa sababu ya ng'ombe aliyekufa au mtoto aliyeugua, na ushahidi wote ulikuwa macho yao mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni kwa miaka hamsini.

Tumbo lilipopasuliwa, likatoka bonge la mifuko na kamba za nailoni, limesokotana kama kamba ya kitanda, kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Ndani yake mlikuwamo kipande cha kiroba cha pombe kali, maandishi yake yakali yakisomeka. Na viroba hivyo vilikwisha kukatazwa na serikali tangu tarehe 1 Machi 2017. Walionong'ona wakanyamaza. Hakuna aliyekwenda kumwomba yule bibi radhi, na jambo hilo latusikitisha hata leo.

Sasa tueleze jinsi mambo haya yanavyokuwa, maana mwalimu akiulizwa kijijini yampasa awe na jibu. Ng'ombe hatafuni sana mara ya kwanza. Humeza, na baadaye, akiisha kulala kivulini, hucheua. Chakula huingia kwanza katika tumbo kubwa lililo upande wa kushoto, na humo hulainishwa na vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Majani hulainika na kupita. Plastiki hailainiki. Ya leo hukutana na ya jana, hata tumbo likajaa kitu kisicho chakula, na mnyama hujiona ameshiba huku anakufa kwa njaa. Kwanza maziwa hupungua, kisha mwili, na ng'ombe jike huweza kukosa kushika mimba kwa udhaifu. Dawa ya kunywesha haipo. Daktari wa mifugo aweza kumpasua na kuitoa, walakini ni wangapi kwetu wawezao gharama ile?

Labda mtu atauliza, Mbona ng'ombe hula kitu cha kipumbavu namna hiyo? Jibu ni kwamba mfuko uliobeba chumvi, au ugali, au maganda, una harufu na ladha ya kile ulichokibeba. Na mwezi wa Septemba malisho yamekwisha. Wenye ngitili nzuri wana nafuu, kwa kuwa ng'ombe wao hawana haja ya kuranda sokoni. Kazi ya hifadhi ya ardhi ya Shinyanga, iitwayo HASHI, ilipoanza mwaka 1986 na kurudisha ngitili nyingi, haikuwekwa kwa ajili ya mifuko ya rambo. Hata hivyo yamsaidia mfugaji katika jambo hili pia.

Na hasara ya dume moja si ya nyama tu. Dume la plau lina mwenzake. Mmoja akifa, aliyebaki hawezi kulima peke yake, na kumzoesha mwingine nira ni kazi ya siku nyingi. Jirani yetu alipatwa na jambo hili mvua zilipokuwa karibu. Akangoja wenye jozi wamalize mashamba yao kwanza, ndipo apate kukodi. Na pamba iliyochelewa kupandwa hapa kwetu haina mavuno ya kusifiwa. Mwezi wa Januari mtoto wake alibaki nyumbani wenzake walipokwenda shule. Mfuko ule ulikuwa umetolewa bure dukani.

Kitu hiki si cha zamani. Plastiki ile ya mifuko, iitwayo polithini, iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na katika mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza plastiki za kila namna kama tani milioni 2 tu. Siku hizi hutengenezwa zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka, na katika takataka zake ni kama sehemu 9 katika 100 zirudishwazo kiwandani na kufanywa kitu kingine. Hatusemi kwamba yote ni mabaya. Wanawake waliobeba maji kwa mitungi ya udongo, nao wakajikwaa, wanajua neema ya ndoo na dumu. Aisemaye plastiki kana kwamba ni laana tupu hajawahi kuteka maji lamboni.

Serikali yetu ilikataza mifuko ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Kwa sheria yetu, mtu akikutwa na mfuko huo hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 wala kuzidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Auzaye hutozwa shilingi 100,000 hata 500,000. Na mwenye kiwanda au mwenye kuuingiza nchini, shilingi milioni 20 hata bilioni 1. Kiwango hicho chaonyesha kwamba watunga sheria walijua kosa kubwa liko wapi. Lakini sisi tukaao karibu na soko twaona ni nani aliye rahisi kukamatwa: ni mama mwenye fungu la nyanya, wala si mwenye mashine.

Sheria ile iliacha mlango, nao ulikuwa wa lazima: vifungashio vya dawa, vya vyakula vya viwandani, vya kilimo na vya ujenzi havikukatazwa. Kwa mlango huo vile vifuko vyembamba visivyo na mishikio vimerudi sokoni, na watu hubebea dagaa, maharage na hata mboga. Muuzaji akimwambia mteja, "Mama, lete kikapu," mteja huenda kwa jirani asiyesema hivyo. Ndivyo aliye mtii apatavyo hasara na mwenzake apatavyo faida, na hili latuuma kuliko faini.

Kuna neno jingine ambalo wengi hawalijui. Mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa, ambayo shirika la viwango limeagiza iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba, watu huidhani ni nguo. Si nguo. Mingi ni ya polipropilini, nayo ni plastiki. Faida yake ni kwamba hudumu, na mtu huitumia mara nyingi. Ukiitupa baada ya safari moja, hujatenda lolote. Kikapu cha ukindu na gunia la mkonge havina shaka hii.

Sasa twende jikoni. Wengi wetu huwashia mkaa kwa kipande cha mfuko au cha dumu, maana kuni kavu ni haba na mafuta ya taa ni ghali. Moto hushika upesi, na moshi wake ni mzito, mweusi, wenye kuwasha macho. Katika plastiki zenye klorini, kama mabomba yale ya kijivu na baadhi ya ngozi za bandia, moshi huleta sumu iitwayo dioksini, ambayo ni miongoni mwa zile zisababishazo saratani. Anayeuvuta zaidi ni mama mwenye kupika na mtoto aliye mgongoni. Nasi twarudi kwa yule bibi kizee: macho yale yaliyomtia mashakani, sisi wenyewe twaongeza moshi wa kuyaumiza.

Hata mfuko usioliwa wala kuchomwa hauishi. Jua huukausha, kwato huuponda, nao huvunjika kuwa vipande vidogo. Vikiwa chini ya milimita 5 wataalamu huviita maikroplastiki. Mvua huvipeleka majarubani kwenye mpunga, mitoni, na mwisho ziwani. Wataalamu walinunua sangara 20 na sato 20 katika soko la Mwanza, wakapasua matumbo yao, na habari zao zikachapishwa mwaka 2016: katika kila aina, samaki mmoja kwa kila watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Tumbo la samaki sisi hulitupa, ni kweli. Lakini dagaa, wafikao Didia kwa magunia, huliwa wazima na matumbo yao. Na biashara ya ziwa ni nyororo kama yai: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikataa samaki wa Ziwa Viktoria kwa ajili ya sumu waliyovulia watu wachache, na hasara ikawapata wavuvi na wenye viwanda wasiotenda kosa hilo.

Mwaka 2022 huko Uholanzi watu 22 walipimwa damu, na 17 wakaonekana kuwa na chembe za plastiki. Mwaka 2024 waganga wa Italia wakaeleza kwamba wagonjwa wenye chembe hizo katika mishipa ya shingo walipatwa na maradhi ya moyo, kiharusi au kifo kupita wenzao, kama mara nne na nusu. Waganga hao walionya kwamba jambo hilo halithibitishi kuwa plastiki ndiyo sababu yenyewe. Mwalimu asemaye habari hii aiseme na onyo lake.

Mataifa yaliazimia Nairobi, mwezi wa Machi 2022, kufanya mapatano juu ya jambo hili. Yalipokutana Geneva mwezi wa Agosti 2025, yaliachana bila kupatana, kwa kuwa wengine walitaka utengenezaji wenyewe upunguzwe, na wenye mafuta hawakutaka.

Hapa kwetu vijana huokota chupa na madumu, kwa kuwa wako wanunuzi wapimao kwa kilo. Mifuko myembamba haina mnunuzi. Ni myepesi, ina matope, na kilo moja ni kazi ya kutwa nzima. Kwa hiyo baada ya gulio watoto huikusanya kwa vijiti, nasi huitia katika shimo refu, mbali na lambo, lililozungushiwa miiba ili ng'ombe wasifike. Shimo la kwanza limekwisha kujaa. La pili tumelichimba nyuma ya mnada wa kuni, na jirani yetu yule ndiye aliyeleta miiba.