Kwa Nini Mtu Huchagua Kusoma Hisabati?

Somo la mwezi huu si la Maandiko wala la historia ya Kanisa. Padre ameniomba niandike juu ya jambo ambalo wazazi wa mtaa wetu huniuliza baada ya Misa, hasa matokeo ya kidato cha nne yanapokaribia. Mtoto anataka kuendelea na Hisabati, je, tumkubalie, au tumwambie atafute masomo yaliyo mepesi? Wengine huja na shida iliyo kinyume: mtoto amepata alama nzuri, lakini hataki hata kulisikia somo hilo. Nyuma ya maswali haya mawili lipo swali moja, nalo ndilo tutakalolitazama. Mtu huvutwa na nini hata akachagua somo ambalo wenzake wanalikimbia?

Kwamba wanalikimbia, hilo halina ubishi. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2021 na 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kiasi cha mmoja tu katika kila watano. Basi anayelichagua kwa hiari yake yafaa tumwulize sababu.

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, desturi yangu siku ya kwanza ilikuwa kuwapa wanachuo nusu karatasi, kila mmoja aandike kwa nini amechagua Hisabati. Niliwaambia wasiandike majina, maana mtu akiandika jina huandika yale anayodhani mwalimu anayataka. Majibu mengi yalihusu riziki: walimu wa somo hili ni wachache, kazi haitakosekana. Jibu hilo si la kudharauliwa, kwa kuwa mtu ana wadogo zake wa kuwasomesha. Lakini sababu ya namna hiyo humfikisha mtu mlangoni tu. Akikutana na swali gumu saa nne za usiku, mshahara haumsaidii kukaa kitini. Wengine waliandika neno moja, "Nilipangiwa," nao angalau walikuwa wakweli.

Majibu mawili nimeyakumbuka hata leo. Mmoja aliandika kwamba hapendi kukariri. Mwingine aliandika kwamba katika Hisabati mwalimu asiyekupenda hawezi kukunyang'anya jibu lako.

Hilo la kwanza huwashangaza wazazi, maana wao walikaririshwa jedwali la kuzidisha kwa fimbo, wakadhani somo lote ndilo hilo. Lakini yuko mwanamke mmoja wa Uingereza aliyeingia kwa mlango huo huo. Jina lake Mary Cartwright, aliyezaliwa mwaka 1900, binti wa padre wa mtaa wa kijiji cha Aynho. Shuleni alipenda sana historia, ila historia ilimdai akariri orodha ndefu za mambo. Akaona kuwa katika Hisabati mtu aweza kufika mbali bila kutumia saa nyingi kwa kukariri. Mwaka 1919 akaingia Chuo Kikuu cha Oxford, wakati madarasa yamejaa vijana waliotoka vitani. Mtihani wa 1921 ulimpa daraja la pili tu, akafikiri kurudi kwenye historia. Hakurudi. Mwaka 1923 akamaliza kwa daraja la kwanza, akafundisha shule za wasichana miaka minne, kisha mwaka 1928 akarudi Oxford kuendelea na utafiti.

Mwaka 1938 serikali ya Uingereza iliomba wataalamu wa Hisabati wasaidie milinganyo migumu iliyojitokeza katika kazi za redio. Cartwright na mwenzake Littlewood wakaishika kazi hiyo, wakakuta ndani ya milinganyo hiyo tabia zilizotatanisha, ambazo wataalamu wengine walizielewa vizuri miaka mingi baadaye. Mwaka 1947 akawa mwanamke wa kwanza mwanahisabati kuchaguliwa katika Royal Society, na tangu 1949 hadi 1968 akakiongoza chuo cha Girton huko Cambridge. Alifariki mwaka 1998. Wazazi wanaokata tamaa kwa sababu ya daraja la pili na waikumbuke habari hii.

Lakini huenda msomaji anauliza, bila kukariri mtu hujuaje? Nataka uchukue maharage jikoni, tufanye pamoja. Weka punje moja juu ya meza. Ongeza tatu kuizunguka, moja ubavuni, moja juu, na moja kwenye pembe. Sasa unao mraba mdogo, mbili kwa mbili, jumla punje nne. Ongeza tano kwa namna ile ile, utapata mraba wa tatu kwa tatu, jumla tisa. Ongeza saba, utapata kumi na sita, yaani nne kwa nne. Unaziona zile namba? Moja, tatu, tano, saba: hizo ni namba witiri, na kila ukizijumlisha kwa mfuatano wake tangu moja unapata mraba kamili.

Sasa kaa kidogo utafute kwa nini. Ukiwa na mraba wenye punje tatu kila upande, ukitaka kuukuza hatua moja, huna budi kuweka tatu ubavuni, tatu juu, na moja ya kuziba pembe, ndizo saba. Mraba ukiwa na punje kumi kila upande, utahitaji kumi, na kumi, na moja, ndizo ishirini na moja. Kila mara ni mara mbili ya upande, ukaongeza moja, na namba ya namna hiyo haiwezi kuwa shufwa. Kwa hiyo mtu akikuambia ujumlishe namba witiri mia moja za kwanza, tangu 1 mpaka 199, huna haja ya kalamu wala mashine. Ni mia mara mia, yaani 10,000.

Tazama lililotokea. Hukuliamini jambo hili kwa sababu limo kitabuni, wala kwa sababu mimi ni mzee mwenye mvi. Umeliona mwenyewe mezani kwako. Hata nikibadili maneno yangu kesho, wewe hutabadilika. Hiki ndicho alichokiona yule mwanachuo wangu wa pili. Katika mambo mengi ya dunia mdogo hana budi kuukubali uamuzi wa mkubwa, na mara nyingi ndivyo ilivyo vema. Lakini mtoto wa darasa la tano akionyesha kwamba hesabu ya ubaoni imekosewa, mwalimu mkuu mwenyewe hufuta ubao. (Amwonyeshe kwa adabu, lakini amwonyeshe.) Kwa mtu ambaye hasikilizwi mahali pengine, jambo hili lina utamu ambao sisi tuliozoea kusikilizwa hatuujui.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Sophie Germain wa Ufaransa. Alizaliwa Paris mwaka 1776. Mapinduzi ya 1789 yalipoanza, njia za mji hazikuwa salama, na binti huyu wa miaka kumi na mitatu akawa anashinda katika maktaba ya baba yake. Humo akasoma habari za Archimedes, Myunani wa kale, ambaye inasimuliwa kuwa aliuawa na askari wa Kirumi akiwa amezama katika kuchunguza michoro yake. Akasema moyoni, somo linaloweza kumshika mtu kiasi hicho lazima lina kitu ndani yake. Akaanza kujifunza usiku. Wazazi wake waliona haimfai msichana, wakamnyima moto, mishumaa na nguo za joto ili alale. Yeye akangoja wamelala, akajifunika mablanketi, akawasha mishumaa aliyoificha. Inasimuliwa kwamba asubuhi walimkuta amelala mezani na wino umeganda kwa baridi. Mwishowe wakakubali, na baba yake akamtunza katika kazi hiyo.

Chuo kikubwa kilipofunguliwa mjini mwaka 1794 hakikupokea wanawake. Germain akazipata karatasi za mafundisho, akampelekea Profesa Lagrange kazi yake kwa jina la mwanamume, Le Blanc. Kwa jina hilo hilo akaandikiana tangu 1804 na Gauss wa Ujerumani, mwanahisabati mkuu wa zama zile. Gauss alipojua mwaka 1807 kwamba "bwana" huyo ni mwanamke, hakukasirika, bali alimsifu zaidi. Mwaka 1816 Germain akapewa tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kwa kazi yake juu ya mitetemo ya mabamba.

Sisi hatumnyang'anyi binti mshumaa. Tunayo njia ya polepole zaidi. Taa moja ya nyumba anapewa kaka. Kijana akifanya mazoezi tunanyamaza, binti akifanya tunamkumbuka kwa ajili ya maji. Akipata alama mbaya mara moja tunamfariji kwa kusema, "Usijali, mwanangu, hata mimi hesabu zilinishinda." Faraja hiyo imewafukuza wasichana wengi darasani kwangu kuliko ugumu wa somo lenyewe. Na hatuwezi kusema kwamba haiwezekani kwetu. Verdiana Masanja, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1954, alisoma mpaka Berlin, akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya udaktari wa Hisabati. Kazi yake inahusu mwendo wa vitu vya majimaji.

Tena wa kumvuta mtoto si lazima awe mwalimu. John Wallis alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitano, mwana wa padre, aliporudi nyumbani Ashford kwa Krismasi ya 1631. Akamkuta mdogo wake anajifunza hesabu kwa ajili ya biashara. Shuleni kwa Wallis hawakufundishwa hesabu, maana zilihesabiwa kuwa shughuli za wafanya biashara, mabaharia na maseremala. Akamwomba mdogo wake amwonyeshe, na kabla likizo haijaisha alikuwa ameyashika yote aliyokuwa nayo yule mdogo. Baadaye Wallis akawa padre, na tangu 1649 mpaka kufa kwake mwaka 1703 akawa profesa wa jiometri huko Oxford. Ile alama ya kitu kisicho na mwisho, kama namba nane iliyolala, ndiye aliyeianzisha mwaka 1655. Na alipokuwa mtu mzima alijifunza zaidi kwa kitabu cha padre mwingine wa mtaa, William Oughtred wa Albury, ambaye mwaka ule ule wa 1631 alichapa alama ya × ambayo watoto wenu wanaiandika kila siku katika madaftari yao.

Basi nyumbani kwetu yumo nani wa kufanana na yule mdogo wa Wallis? Yumo fundi anayepima pembe ya msingi kwa kamba ya tatu, nne na tano. Kijana anayemshikia kamba na amwulize kwa nini si tatu, nne na sita. Yumo mama apangaye nyanya mafungu sokoni, akajua bila karatasi ni fungu la ngapi litakalorudisha mtaji.

Kwa wale walioniuliza, jibu langu ni hili. Usitazame alama peke yake. Mtazame mtoto anaposhindwa. Akiwa ameacha swali, akaenda kula, kisha akalirudia bila kuambiwa, mwache achague Hisabati hata kama alama zake ni za kati. Na yule mwenye alama za juu asiyelirudia swali hata siku moja, mwache aende anakopenda. Tena akirudi na daftari, badala ya "Umepata ngapi?" mwulize "Umejuaje?", nawe usikilize mpaka mwisho, hata usipoelewa yote.

Vijana mtapata zoezi la kufanya mpaka toleo lijalo. Chukueni maharage yale yale, sasa mjumlishe namba shufwa: 2, kisha 2 na 4, kisha 2 na 4 na 6, mkiendelea hivyo. Mraba hamtaupata. Mtapata umbo gani, na pande zake zina uhusiano gani? Jumla ya namba shufwa hamsini za kwanza ni ngapi? Majibu mniletee baada ya Misa, na maelezo ya jinsi mlivyojua.