Homa ya Usiku wa Chanjo: Jinsi Mwili wa Mtoto Unavyotengeneza Kingamwili

Katika vituo vya afya vya Dilala, nchini Kongo, mama aliyempeleka mtoto wa wiki sita kupimwa kilo hurudi nyumbani na alama za sindano kwenye mapaja ya mwanawe, pamoja na onyo kwamba usiku huo anaweza kuchemka. Sindano moja ni ya magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini ya aina ya B na bakteria wa Hib. Nyingine ni ya bakteria wa numokoki, chanjo ambayo Kongo ilianza kuitoa mwaka 2011. Homa ikija, majirani husema dawa imemdhuru mtoto. Wapo wazazi wanaokatishwa tamaa hapo, wasirudi tena wiki ya 10 wala ya 14. Inasikitisha, maana joto hilo mara nyingi linaonyesha kwamba kazi imeanza.

Numokoki hukaa puani mwa watoto wengi wenye afya bila kuleta shida. Hatari huja anaposhuka mapafuni, anapoingia kwenye damu au anapofika kwenye utando wa ubongo. Amejifunika koti la sukari linaloteleza, kiasi kwamba seli zinazomeza vijidudu hushindwa kumshika. Zinachohitaji ni kingamwili, protini ndogo zinazonata kwenye koti hilo na kumfanya bakteria ashikike.

Watengenezaji wa kingamwili ni seli B. Kila moja ina umbo lake la kipokezi na hutafuta kitu kimoja tu kinacholingana nalo. Hata hivyo, kukipata hakutoshi. Seli B ni kama mchimbaji wa madini aliye chini ya shimo huko Kasulo: hata akiwa ameshika jiwe zuri, halipandi mpaka wenzake wa juu wavute kamba. Wenzake hao ni kinga ya asili, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo huitika ndani ya dakika na saa chache.

Mvutaji wa kwanza ni komplementi, kundi la protini zinazotengenezwa hasa na ini na kuzunguka katika damu. Zikikutana na bakteria, protini mojawapo, C3, hukatwa, na kipande chake hubaki kimeganda juu ya koti la adui. Seli B ina mkono wa pili wa kukishika kipande hicho. Inapogusa sukari kwa mkono mmoja na kipande cha C3 kwa mwingine, huamka kwa urahisi mkubwa zaidi. Mwaka 1996 Douglas Fearon na wenzake walilipima jambo hili kwa panya: walichukua protini ya ute wa yai la kuku, wakaiunganisha na nakala tatu za kipande hicho, na kiasi kilichohitajika kuamsha kingamwili kikapungua kama mara 10,000.

Mvutaji wa pili ndiye anayeleta homa. Makrofaji, walinzi walioenea mwilini, hutambua sehemu za bakteria na kutoa ujumbe wa kikemikali uitwao interlukini 6. Ujumbe huo hupeleka habari kwenye ubongo, nao hupandisha joto. Lakini huko Osaka, mwaka 1986, maabara ya Tadamitsu Kishimoto iliitambua protini hiyo kwa kazi nyingine kabisa: kuzisukuma seli B zikomae na kumwaga kingamwili. Mjumbe ni mmoja, kazi ni mbili. Chanjo ya kifaduro inayotolewa hapa ina bakteria wazima waliouawa, na ndiyo sababu makrofaji huiitikia kwa nguvu.

Kwa hiyo haifai kumpa mtoto parasetamoli kabla homa haijaonekana. Utafiti uliofanywa Jamhuri ya Cheki na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa hiyo mapema walitengeneza kingamwili chache zaidi, ingawa wengi wao walibaki na kinga ya kutosha. Mtoto akichemka na kusumbuka, apewe kipimo alichoelekeza muuguzi. Homa ikipita siku mbili, au mtoto akikataa ziwa, akipata degedege au akilala bila kuamshika, apelekwe kituoni mara moja: huenda ni malaria au ugonjwa mwingine.

Seli B zinazoshughulikia koti la sukari hukaa zaidi kwenye wengu, mahali damu inapochujwa. Kabla ya miaka miwili sehemu hiyo haijakomaa, ndiyo maana watengenezaji wa chanjo waliifunga sukari ya numokoki kwenye protini, ili seli T, aina nyingine ya seli za kinga, zije kusaidia, na kuongeza chumvi ya alumini ya kuiamsha kinga ya asili.

Watoto wa SS, yaani wenye selimundu, wako katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa ugonjwa huharibu wengu mapema. Huko Kilifi, Kenya, utafiti wa mwaka 2009 ulikuta kwamba uwezekano wa mtoto wa SS kupata bakteria kwenye damu ulikuwa zaidi ya mara 20 kuliko wa watoto wengine, na numokoki ndiye aliyeongoza. Wazazi wa mtoto kama huyo wamwambie muuguzi hali yake siku ya kwanza ya kupima kilo. Anahitaji chanjo zote kwa wakati, pamoja na penisilini ya kila siku mpaka afikishe angalau miaka mitano.