Dondoo muhimu: Mzazi asiitwe kwa kesi tu

Tangu Januari 2016 shule za umma Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne, na baadhi ya wazazi hudhani kazi yao imeishia kwenye sare na madaftari. Walimu wanaweza kuwarudisha.

• Habari njema itangulie. Ujumbe mfupi, "Leo mwanao amesoma ukurasa mzima bila kukwama," humwandaa mzazi kupokea hata simu ya malalamiko.

• Kikao kifuate msimu. Wakati wa palizi, saa nne asubuhi mzazi yuko shambani, alasiri atafika.

• Asiyejua kusoma asikabidhiwe ripoti tu. Asomewe faraghani, aoneshwe daftari lenyewe.

• Michango ijadiliwe siku yake. Mzazi anayedaiwa hukwepa kikao, na taarifa za mtoto humpita.