Kupima Utajiri wa Kaya Bila Kipato Kuandikwa

Una data ya kaya: sakafu, paa, redio, pikipiki. Kipato hakimo, matumizi hayamo. Utajiri hapo ni kigeu kilichofichika, lakini vitu vya nyumbani vinautolea ushahidi. Mwaka 2001 Deon Filmer na Lant Pritchett walionyesha, kwa data za India, kwamba ushahidi huo unatosha kuzipanga kaya. Tafiti za DHS (Demographic and Health Surveys, yaani tafiti za idadi ya watu na afya), zikiwemo za Tanzania na Kenya, hutumia njia ya aina hiyo.

1. Geuza kila jibu kuwa 1 (kipo) au 0 (hakipo). Sakafu ya udongo, ya saruji na ya vigae kila moja ipate safu yake. Kitu ambacho kila kaya inacho kitupe, hakitenganishi mtu na mtu. Asiyejibu usimwandikie sifuri.

2. Fanya uchambuzi wa viambajengo vikuu (PCA; katika programu ya R ni prcomp, katika Stata ni pca), uchukue kiambajengo cha kwanza. Kinakipa kila kitu uzito wake, na alama inayopata kila kaya kwa uzito huo ndiyo faharasa ya utajiri.

3. Soma uzito wa kila kitu kabla ya kuendelea. Wengi huruka hapa, na hapa ndipo kazi ilipo. Friji na saruji zikiwa chanya, udongo hasi, sawa. Ng'ombe je? Mara nyingi hutoka hasi, kwa kuwa mjini hawafugwi: kompyuta imepima umjini ikauita utajiri. Mfugaji mwenye ng'ombe mia na nyumba ya udongo atajikuta chini ya mpangaji wa chumba kimoja chenye umeme Dar es Salaam. Usimwondoe ng'ombe ili jedwali lipendeze. Tengeneza faharasa ya mijini na ya vijijini, kila moja peke yake, mifugo ihesabiwe kwa idadi badala ya 1 au 0, kisha uziunganishe kwa maswali yenye maana moja kotekote. DHS nao wamehamia huko.

4. Gawa watu, si kaya, katika makundi matano, ukitumia uzani wa sampuli.

5. Jaribu faharasa kwa jambo lisilokuwemo ndani yake, mathalani watoto walioandikishwa shule. Na kama unachunguza maji na kuhara, toa maji kwenye faharasa, la sivyo utakuwa unalinganisha maji na maji.

Alama utakazopata zinaonyesha nani yuko juu ya nani, basi. Mwenye 2 hana mara mbili ya mwenye 1. Ukitaka kulinganisha miaka miwili, unganisha data zote kwanza, ndipo ukokotoe uzito mmoja.